Sinia Ambazo Hazikurudishwa

Amri ilimkuta Sajini Nyamizi juu ya gari lake la deraya, anafuta vumbi kwenye kioo cha kulengea. Kitambaa alikuwa akikifua mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na kioo kile. Sauti ya Mgawaji ilimwingia sikioni kwa upole wake wa siku zote, kama nesi anayemwambia mgonjwa asogee kidogo kwenye mwanga. Ilimwambia achukue seksheni yake, deraya zote tatu, aende kwa Kombania ya Tatu ukingoni mwa mbuga ya Ilundo, afike jua likingali juu. Ikamwambia wale pamoja na wenyeji. Mwisho ikasema wasichimbe.

Mazengo, dereva wake, alikuwa ameegemea gurudumu anachokonoa meno. Alipoambiwa amri yenyewe akatazama viganja vyake, akacheka.

"Leo katuhurumia," alisema. "Hivi viganja vimeshakuwa kama visigino vya babu yangu."

Nyamizi hakucheka. Alikunja kitambaa, akakiweka mfukoni, akaingia ndani na kuketi. Nyuma ya kiti chake zilikuwa sinia tatu za bati, zimepangwa moja juu ya nyingine, ugali umekaukia pembeni mpaka umekuwa kama plasta. Mazengo alikuwa amezitia magunia katikati zisigongane barabarani. Mlio wa sinia hizo ulikuwa unamnyima Nyamizi raha.

Mwanzoni mwa vita hii mambo hayakuwa hivyo. Kila kikosi cha askari wa miguu, wale wanaobebwa na deraya mpaka mstari wa mbele, kilikuwa na wavunjaji wake wa vifaru. Wachache huku, wachache kule, kama mtu anayetia chumvi sufuria la harusi kwa vidole viwili. Vifaru vya adui wa ng'ambo havikuwa na mtu ndani na havikujua kuchoka. Vikajikusanya mahali pamoja, vikapita. Uso wa kifaru kile haukutobolewa na kombora lolote. Ubavu ndio uliotoboka, na ubavu huuoni mpaka chenyewe kiwe kinakupita kumwendea mtu mwingine. Ndipo wakubwa wakawakusanya wavunjaji wote chini ya brigedi, na kazi ya kuwaazima huku na huko wakampa Mgawaji, mashine iliyoiona nyika nzima kwa mara moja na kujua nani yuko wapi na amebakiwa na makombora mangapi. Mgawaji aliokoa miji. Hilo hakuna aliyelibisha, hata walevi.

Lakini askari wa miguu walibaki na shida yao. Mvunjaji akishajificha haonekani. Anahama jioni, anahama alfajiri, na aliyeko handakini hana njia ya kujua kama mgeni wake bado yupo kichakani au ameshakwenda zake. Basi wakaanzisha desturi. Wageni wakifika, wanawekewa sinia ya kombania na tonge la kwanza ni lao; mwenyeji hamegi kabla yao. Wakishiba, wanaondoka na ile sinia bila kuiosha. Watairudisha mapigano yakiisha. Aliyebeba sinia yenu yuko karibu, hata kama humuoni. Watu walikaa handakini kwa ajili ya sinia kuliko walivyokaa kwa ajili ya amri ya ofisa yeyote.

Zile tatu nyuma ya kiti hazikuwa na wa kurudishiwa.

Nyamizi alikuwa mtu wa kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kichoke. Njia nzima ya Ilundo alitazama vumbi la deraya iliyo mbele. Mara zote tatu walizopewa sinia zile waliambiwa wasichimbe, na yeye akadhani ni haraka ya vita. Mara zote tatu, jua likizama, ilikuja amri ya kuhama, wakapelekwa mbali, wakajikuta pamoja na wavunjaji wa brigedi nzima wamepanga mstari ubavuni. Na asubuhi yake vifaru viliingia palepale walipokula. Anayekuja kukaa anachimba. Anachimba shimo la kupigia, na shimo la kuhamia, na njia ya kurudi nyuma. Asiyeambiwa achimbe hakuja kukaa. Kaja kula tu.

Alimwambia Mazengo asimamishe gari. Akashuka, akasogea mbali na wenzake, akamwita Meja Ndimbo kwenye redio. Meja ndiye aliyekuwa mkubwa wa wavunjaji wote wa brigedi.

"Afande, Kombania ya Tatu mnaitoa kafara?"

Meja akauliza ni nani aliyemwambia. Nyamizi akasema hakuna mtu.

Meja hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alimweleza taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi kuulizwa. Mgawaji alichunguza mapigano yote tangu vita ianze, akaona kombania iliyolisha wageni inashikilia mpaka asubuhi, na kombania iliyo peke yake inavunjika mara inaposikia vifaru. Watu wa mji wa Ilundo walikuwa wangali wanavuka daraja nyuma ya kombania hiyo, na wagonjwa wao, na mifugo. Vifaru lazima vipewe mahali pa kuingia, la sivyo vitachagua vyenyewe. Kombania ya Tatu ikisimama mpaka jua lipande, vyote vitakuwa vimegeuza ubavu kuelekea kilima cha Ngwele, na Ngwele ndiko wavunjaji watakakokuwa. Vitaishia hapo. Labda na vita yenyewe itaishia hapo.

"Na Mgawaji hajamdanganya mtu," Meja alisema. "Kasema mle. Mtakula."

"Na sinia nitaibeba mimi, afande."

"Ndiyo," Meja alisema. "Wewe."

*

Walipokewa kwa kelele. Mtu mmoja handakini alipaza sauti kwamba walaji wa bure wamefika, stoo ifungwe, na mwingine akajibu kwamba wakinyimwa chakula watayaelekeza makombora jikoni. Mazengo akawaambia kwao mgeni haulizwi amekuja lini, huulizwa kama ameshiba. Wakacheka. Walicheka kuliko mzaha wenyewe, na Nyamizi akaona mabega yakishuka, moja baada ya jingine, katika handaki lote.

Mkuu wa kombania alikuwa Kapteni Kisinza, mtu mwembamba mwenye mguu mmoja mzito. Alimzungusha Nyamizi kumwonyesha mahandaki, mahali zilipofukiwa deraya zao za kubebea askari, na korongo ambalo vifaru vitalifuata. Hakumwuliza atachimba wapi. Hilo nalo Nyamizi aliliona. Walipofika mwisho wa mstari, pasipo na mtu, akamweleza yote, kwa maneno machache, bila kujitetea.

Kapteni aliinama kufunga kamba ya buti. Ilikuwa imefungwa tayari. Aliifungua, akaifunga tena.

"Najua," alisema. "Kombania ya Kwanza walikuwa majirani zangu. Niliiona sinia yao ikiondoka. Kurudi sikuiona."

Nyamizi akasema, basi waambie wenyewe, afande. Wana haki ya kujua wanakaa kwa ajili gani.

Kapteni akamwambia aliwahi kuwaambia watu ukweli. Wakati huo alikuwa luteni, mahali panaitwa Kisolwa. Aliwapanga askari wake akawaeleza kwamba hawatapata msaada, na atakaye kukaa akae. Nyuma yao kulikuwa na hospitali.

"Nilibaki na mpishi," alisema. "Mpishi na redio. Huu mguu ni wa siku ile. Ile hospitali sipendi kuizungumza." Akanyoosha mgongo. "Wewe kula, Sajini. Kula vizuri, wakuone."

*

Mpishi wa kombania alikuwa yule yule wa Kisolwa. Koplo Sekela, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kusonga ugali wa watu mia, aliipakua sinia mwenyewe na kuibeba mwenyewe: ugali mweupe, na nyama kavu iliyoungwa kwa karanga. Jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya mbuga. Kombania ilikaa kwenye kingo za mahandaki, na sinia zao wameziweka magotini bila kuzigusa, wakingoja.

"Haya mwanangu, fungua," Sekela alisema.

Nyamizi akamega. Ugali ulikuwa wa moto. Alipotia tonge mdomoni, ule msururu mzima wa watu ukainamia chakula, na kwa muda hakukusikika kitu ila watu wanakula.

Aliyeketi karibu naye aliitwa Shija, askari mrefu mwenye mwanya, mzaliwa wa Ilundo yenyewe. Alimweleza, mdomo umejaa, kwamba mkewe alikuwa bado hajavuka kwa sababu alikataa kuwaacha mbuzi. Alimpigia simu, akamgombeza, akajibiwa kwamba mbuzi hawana mtu mwingine. Shija aliisimulia kama kisa cha kuchekesha, na wenzake wakacheka kwa kuwa walishakisikia. Kisha akamwuliza Nyamizi, chinichini, kama ni kweli wavunjaji wake hawajawahi kukosa.

"Kukosa tunakosa," Nyamizi alisema.

"Lakini mtakuwa karibu."

Nyamizi alitafuna. Aliangalia mikono ya Shija, jinsi alivyoukomba mchuzi kwa kidole kisibaki kitu. Alimwangalia Kapteni Kisinza, aliyekuwa amesimama bila kula. Akakumbuka Kombania ya Kwanza, mtu mmoja aliyempungia mkono deraya inapoondoka na sinia, akaendelea kupunga mpaka vumbi likamficha.

Chakula kikaisha. Sekela akaiinua ile sinia, imechafuka vizuri kama desturi ilivyotaka, akampa kwa mikono miwili.

Nyamizi akaipokea. Akaenda nayo kwenye pipa la maji, akapiga magoti. Akachota mchanga, akaanza kusugua. Ule mlio wa mchanga kwenye bati uliwafikia wote, na mazungumzo yakakatika kuanzia karibu kwenda mbali. Hakuna aliyewahi kuona mgeni akiosha sinia. Aliisuuza, akaikung'uta, akairudisha kwa Sekela.

"Hatukai," alisema. Hakuwa na sauti kubwa, lakini hapakuwa na haja. "Tukiondoka hapa tunakwenda Ngwele. Vifaru vitapita juu yenu, na sisi tutavipiga vikishapita. Ndivyo ilivyopangwa. Mkisimama mpaka jua lipande, watu wa Ilundo watakuwa wamevuka. Msiposimama, sijui itakuwaje. Nimeona mjue."

Kapteni hakupiga kelele. Alikaa juu ya kasha la risasi, polepole, mguu mzito ameunyoosha mbele.

Sekela aliigeuza sinia kwenye mwanga. "Pembeni hujaosha vizuri, mwanangu," alisema, akaanza kubandua ugali kwa ukucha.

Askari wa kombania walianza kuondoka kabla ya giza, wawili wawili, hawakuaga. Hakuna aliyewazuia. Waliziacha risasi zao zimepangwa vizuri kwenye ukingo wa handaki, kwa ajili ya watakaobaki, na wengine waliacha na maji. Shija alikuwa miongoni mwao. Alipompita Nyamizi alisimama kana kwamba anataka kusema neno, kisha akashika njia ya darajani, ambako mkewe alikuwa, na mbuzi.

Walibaki karibu nusu. Wakati amri ya kuhama inaingia sikioni mwa Nyamizi, hao waliobaki walikuwa wanasogeana ili kuziba nafasi.

*

Ngwele ilikuwa kilima cha mawe na miiba. Wavunjaji wote wa brigedi walikuwa pale, deraya kwa deraya, kimya, mirija ya makombora imeelekezwa kwenye mbuga tupu. Kulipopambazuka, vifaru vilitokeza.

Nyamizi aliviona kwenye kioo chake kisafi. Vilikuja kwa mpangilio, havikupigana vikumbo. Kombania ya Tatu ikafungua moto. Alisikia bunduki zao, akasikia na deraya zao zilizofukiwa, na akashangaa jinsi walivyokaa. Wale nusu walishikilia kuliko alivyoona kombania nzima ikishikilia. Mbuga ikajaa vumbi jekundu, na ndani ya vumbi kifaru kimoja kiligeuka, kikaonyesha ubavu, kikafuata cha pili, na cha tatu.

"Bado," Mgawaji aliwaambia wote kwa upole. "Bado kidogo."

Jua lilikuwa halijapanda. Bunduki za Kombania ya Tatu zikaanza kupungua, zikabaki za mtu mmoja mmoja, kisha ya mtu mmoja. Huyo aliyebaki alipiga kwa nafasi, kama anayepigilia misumari. Kisha hapakuwa na wa kupiga tena, na vile vifaru vya nyuma, ambavyo bado vilikuwa vimeelekeza nyuso, vikapata njia iliyo wazi.

Mgawaji akasema pigeni. Wakapiga. Nyamizi alivunja vinne; aliyaona makombora yake yakiingia ubavuni na moshi mweusi ukitoka juu. Mbuga ya Ilundo ikawa makaburi ya vyuma siku ile, na watu wa redio walilisema hilo kwa majuma. Lakini vile vya nyuma vilikuwa vimeshapita. Kutoka Ngwele hulioni daraja. Unaona tu mahali lilipo, kwa sababu ya mto. Waliona moshi wake.

*

Hakushitakiwa. Meja Ndimbo alimwita. Akamwambia kwamba Mgawaji hakuona faida ya kumshitaki. Alitaka tu ripoti ya kawaida.

Ripoti ya kawaida kila mvunjaji aliijua. Tangu mafunzo ya ukuruta hufundishwa kwamba adui akionekana, kuna kitu kilichomfichua: kivuli kilichokaa vibaya, ndege walioruka, majani yaliyonyauka juu ya chuma cha moto. Baada ya kila mapigano unaulizwa kilichokuonyesha ni nini, na unajibu bila kupamba, kwa sababu jibu lako ndilo litakalowaokoa wenzako kesho. Nyamizi alisifiwa kwa ripoti zake. Alikuwa haachi kitu.

Mgawaji alimwuliza kuhusu vifaru, akajibu. Akamwuliza kuhusu vumbi, akajibu. Kisha akamwuliza kwa sauti ile ile, bila hata kutua, ni kitu gani kilichomjulisha kwamba seksheni yake haikupelekwa Kombania ya Tatu kukaa.

"Ulituambia tusichimbe," Nyamizi alisema.

"Asante, Sajini," Mgawaji akasema.

Alishafika kwenye deraya yake ndipo alipotambua alichokifanya.

Jioni ile Shija alikuja kumtafuta. Alikuwa amefungwa bendeji mkono mzima. Alisema alifika darajani, akamkuta mkewe, wakaanza kuvuka wote. Alieleza mpaka hapo. Kisha wote wawili wakamtazama Mazengo akibadilisha gurudumu.

"Ungetuacha bila kutuambia," Shija alisema mwishowe, "ningekuwa kule handakini."

Nyamizi alingoja aseme kama hilo lingekuwa heri au la. Shija aliomba maji, akanywa, akaenda zake.

*

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha ilipokuja amri nyingine. Seksheni iende kwa Kombania ya Tisa, kwenye mashamba ya mtama upande wa pili wa mto. Ifike jua likingali juu.

"Chimbeni kwanza," Mgawaji akasema. "Mashimo mawili na njia ya nyuma kwa kila deraya. Kisha mle pamoja nao."

Mazengo alishusha pumzi ndefu. Alitema mate viganjani, akachukua sepetu, akachimba akiimba, na wale wengine wakachimba. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Nyamizi naye alichimba. Aliifikia nusu ya shimo lake, akasimama na sepetu mkononi. Katika miaka yote ya vita Mgawaji hakuwahi kumwambia achimbe mashimo mangapi. Hilo lilikuwa lake mwenyewe kuamua.

Aligusa kile kidude cha sikioni, akauliza kama wanakaa.

"Chimbeni kwanza," Mgawaji akasema kwa upole.

Akamwita Meja Ndimbo. Meja akamwambia kwamba siku hizi hata yeye haambiwi. Ilionekana ni afadhali hivyo.

Askari wa Kombania ya Tisa walikuwa wakiwaangalia toka mahandakini. Waliona udongo mbichi umerundikana, waliona mashimo na ile njia ya nyuma iliyosawazishwa vizuri, na nyuso zao zikafunguka. Habari za sinia iliyooshwa zilikuwa zimeshazunguka brigedi nzima, na tangu siku ile kila kombania ilikuwa ikiangalia kwanza kama wageni wanachimba. Mpishi wao, mzee mmoja mchangamfu aliyeitwa Koplo Mbwilo, alizunguka mashimo yote, akachungulia moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hawa wamechimba," aliwatangazia wenzake. "Hawa ni wetu."

Akaleta sinia. Aliiweka juu ya lile tuta la udongo uliochimbwa, mbele ya Nyamizi, akarudi nyuma. Watu wakaketi kwenye kingo za mahandaki, kila mmoja na chakula chake magotini, mikono imetulia.

Nyamizi alinawa. Akamega, akalifinyanga lile tonge kiganjani taratibu, akitafuta kitu cha kutazama: kivuli, jani, chochote kilichokaa vibaya. Mashimo yalikuwa kama mashimo. Hapakuwa na kitu cha kuwaambia.

Tonge likapoa mkononi mwake, na kombania nzima ikamngoja.